Kwaya ya watu 16 sebuleni: prodyuza aliyehama FL Studio nusu

Prodyuza ninayemzungumzia anaishi Tegeta, Dar es Salaam. Studio yake ni chumba cha uani chenye mapazia mazito ukutani na godoro lililosimamishwa nyuma ya mlango. Kwa miaka mingi amepika biti za Bongo Fleva na singeli humo: kompyuta mpakato ya Windows, kadi ya sauti yenye matundu mawili ya maiki, kinanda kidogo cha MIDI (kinachoipa kompyuta maelezo ya nota, si sauti), na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, toleo la Producer alilolinunua kihalali. Jina lake naliacha, maana hakuniomba nimtangaze.

Hilo la kununua kihalali nalitaja mapema kwa sababu linabadilisha hesabu nzima. Image-Line, kampuni ya Ubelgiji iliyoanza kuitoa programu hii ikiitwa FruityLoops mwishoni mwa miaka ya 1990, humpa mnunuzi masasisho ya bure maisha yote. Kwa hiyo bwana huyu hakuwa akikimbia programu ya kraki iliyogoma kufunguka baada ya kubadilisha kompyuta, kisa ambacho ndicho huwahamisha vijana wengi. Alikuwa na chombo kizima, kilicholipiwa, anachokijua kwa vidole hata taa zikizimwa. Mtu wa namna hiyo akikuambia anataka kuhama, usimjibu kwa kumtajia programu. Kwanza muulize ni kazi gani imemshinda.

Kazi iliyobadilika

Kwaya ya usharika wa jirani ilimwomba aitengenezee albamu. Akaanza kama alivyozoea: akapiga msingi wa kinanda na ngoma kwenye FL, kisha akaita kila sauti jioni yake. Sauti ya kwanza walikuja wanne, wakavaa hedifoni, wakaimba. Kesho yake sauti ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Kwa masikio ya studio ilikuwa kazi safi. Hakuna maiki iliyovujisha sauti kwenye maiki nyingine, kila kitu kiko mahali pake.

Mwalimu wa kwaya akasikiliza na kukataa, na nadhani alikuwa sahihi. Sauti ya nne ikiimba peke yake na kinanda masikioni, inajirekebisha kwa kinanda. Haijirekebishi kwa wenzake wa sauti ya kwanza, na kwaya ni huko kujirekebisha. Tena mwalimu huyu ana tabia ya kuvuta mwisho wa beti, anashikilia mkono hewani kidogo kabla ya kiitikio, na hiyo metronomu haiijui. Nyimbo zilizotoka zilikuwa sahihi kwa nota zote za tonic sol-fa alizoziandika, na hazikuwa na uhai hata kidogo.

Wakakubaliana waimbe wote kwa pamoja, na nafasi pekee iliyokuwepo ilikuwa sebule. Makochi yakatolewa uani na jokofu likapangiwa kuzimwa. Prodyuza akatafuta kadi ya sauti ya chaneli nane za maiki, Behringer UMC1820, na mimi nikaitwa kusaidia kupanga maiki. Mpango ulikuwa huu: maiki mbili mbele ya kwaya, juu kidogo ya kichwa cha mwalimu, kupata picha nzima, maiki nne, moja kwa kila sauti, na chaneli mbili zilizobaki kwa kinanda na gitaa la besi, vikiingia kwa waya moja kwa moja.

FL Studio inarekodi chaneli nane bila tatizo mradi kadi ina dereva ya ASIO (programu ndogo inayoiunganisha kadi na programu ya muziki). Unachagua kila ingizo kwenye mstari wake wa mikisa (sehemu ya kuchanganyia sauti), unawasha vitufe vya kurekodi, unaanza. Jaribio la kwanza, la wimbo mmoja, lilirekodiwa hivyo na lilitoka vizuri. Shida ilianza kwenye kuhariri. Waliimba wimbo mara tatu, kwa hiyo kwenye playlist (ukurasa wa kupangia wimbo) palikuwa na klipu 24. Na playlist ya FL kwa asili yake ni karatasi tupu: mstari wa tatu si wa tenor wala wa alto, ni mahali tu pa kuweka kitu, na sauti ya klipu inakwenda kwenye mikisa kule ambako chaneli yake imeelekezwa. Kwa mpika biti huo ni uhuru mkubwa. Unatupa kiki (pigo la ngoma kubwa) hapa, sampuli pale, unarudia pateni (kipande kifupi cha mapigo) ile ile mahali kumi, na mpangilio ni wako. Kwa mtu mwenye maiki nane zilizosikia tukio moja kwa wakati mmoja, uhuru huo unamlazimisha alinde mpangilio kwa mkono wake muda wote.

Wataalamu wa FL watasema, na kwa haki, kwamba matoleo ya karibuni yana namna ya kuufunga mstari wa playlist na mstari wa mikisa, na kwamba klipu zinaweza kuunganishwa kikundi. Ni kweli. Sidhani kuna kazi katika kisa hiki ambayo FL haiwezi kabisa. Ila programu huzaliwa na wazo moja kichwani, na mengine huongezwa baadaye. FL ilizaliwa kama mashine ya hatua za ngoma, na kitu chake cha kwanza ni pateni. Sasa mezani palikuwa na kazi ambayo kitu chake cha kwanza ni traki ndefu ya sauti ya watu.

Njia zilizokuwa mezani

Hapa sitakaa sana, maana orodha za kulinganisha programu ni nyingi na karibu zote zinazeeka haraka. Pro Tools Intro ni ya bure lakini inaishia traki 8 za sauti, yaani kwaya peke yake inaijaza kabla hujaongeza kayamba. Logic Pro ni ya Mac tu. Apple iliinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002 na toleo la Windows likakomeshwa, na waliokuwa wakilitumia wakaachwa na kompyuta zao. Cakewalk ilimvutia kwa sababu ilikuwa ya bure, lakini historia yake ilimtia wasiwasi: Gibson ilitangaza Novemba 2017 kwamba inaacha kuiendeleza SONAR, jina la Cakewalk wakati huo, BandLab ya Singapore ikainunua Februari 2018 na kuirudisha bure miezi michache baadaye, na tangu hapo imebadilika jina na masharti. Iliokoka, naam. Lakini waliolala na programu Novemba ile na kuamka bila mwenye nayo hawajasahau.

Visa hivyo viwili vilimfundisha jambo lililokuja kumfaa zaidi kuliko uchaguzi wenyewe: faili la projekti lina uhai wa programu yake, wakati faili la WAV, yaani sauti yenyewe, hufunguka popote.

Akachagua Reaper. Hii ni kazi ya Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp, ile programu ya kusikilizia muziki. Toleo la kwanza kamili lilitoka 2006. Leseni ya bei nafuu ni dola 60, na inamhusu mtu anayeitumia kwa mambo binafsi, au biashara ambayo mapato yake ghafi kwa mwaka hayazidi dola 20,000. Ukivuka hapo ni dola 225. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa, na faili la kusakinisha ni dogo kiasi kwamba unalipakua kwa bando la kawaida. Hayo ya bei nayasema kwa sababu wasomaji watauliza. Kilichomvuta hasa ni jinsi Reaper inavyoiona traki: traki moja inabeba sauti, MIDI na hata video, inaweza kuwa folda ya traki nyingine, na mstari unaouona kwenye ratiba ndio huo huo ulioko kwenye mikisa. Sauti ya tatu ikiwekwa kwenye traki ya nne, inabaki humo mpaka uihamishe mwenyewe.

Kuhamisha kazi za zamani

Kosa ambalo watu wengi hulifanya, na yeye alianza kulifanya, ni kutaka kuhama na vyombo vyote. Alikuwa na projekti za FL za miaka, na jioni ya kwanza alitaka kuzifungua zote Reaper. Haiwezekani. Reaper haisomi faili la FL, na FL haiandiki la Reaper. Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus walitoa muundo wa pamoja uitwao DAWproject ili projekti ziweze kusafiri baina ya programu, lakini hizi mbili hazikuwa miongoni mwa zilizoanza nao. Kinachosafiri ni sauti na MIDI. Plagini (programu za nyongeza) za watu wengine za muundo wa VST zinasafiri kama zimesakinishwa, lakini Fruity Parametric EQ 2, Fruity Limiter na ndugu zao wanabaki FL. Mnyororo wa vokali alioujenga kwa miaka ulikuwa wa plagini hizo hizo. Huo ndio hasara ya kweli ya kuhama, na hakuna njia ya mkato: alikaa akausikiliza upya, akaujenga tena kwa ReaEQ na ReaComp, plagini za Reaper yenyewe, kwa sikio.

Tukakubaliana achague nyimbo za kwaya tu, zile ambazo msingi wake wa kinanda ulikuwa tayari, na projekti nyingine azifunge mahali zilipo. FL ina namna ya kuhifadhi projekti pamoja na sampuli zake zote ndani ya faili moja la zipu, na hiyo nilimsisitiza zaidi ya kitu chochote, kwa sababu FL kwa kawaida huweka sauti zilizorekodiwa kwenye folda yake yenyewe, mbali na projekti. Ukinakili projekti peke yake kwenye flashi, unaweza kufika kwa mteja na nota bila vokali.

Kwa nyimbo zilizohama, njia ilikuwa kutoa kila mstari wa mikisa kama WAV yake. Kwenye dirisha la kutoa sauti la FL kuna chaguo la kugawa mistari ya mikisa, na pembeni yake kuna la athari za masta (mstari wa mwisho ambako sauti zote hukutana), ambalo linapaswa kuzimwa, vinginevyo kompresa na limita ya masta inapigwa mhuri kwenye kila faili. Mkia nao uachwe umalizike wenyewe, usikatwe, ili mwangwi wa mwisho usife ghafla.

Alipoziingiza Reaper, miksi ilitoka nzito na yenye kelele kuliko ya FL. Vokali za mfano zilipanda mbele ya kila kitu. Akadhani Reaper ina sauti tofauti, imani ambayo utaikuta kwa wengi. Ukweli ulikuwa wa kawaida kabisa: kwenye FL vokali nne zilikuwa zimeelekezwa kwenye mstari mmoja wa basi (wa kukusanyia sauti kadhaa) kabla ya masta. FL ilipogawa, ilitoa mistari minne na ule wa basi pia, na yeye akaingiza yote mitano. Kila vokali ilipita mara mbili. Kitu kilekile kikijumlishwa na nafsi yake hupanda kwa takriban desibeli 6, na sikio la prodyuza halikosei hapo.

Kuna jaribio linalomaliza ubishi wa namna hii, na ningependa kila anayehama alijue. Toa kwenye FL miksi nzima ya stereo, athari za masta zikiwa zimezimwa. Iweke Reaper juu ya traki ulizogawa, halafu igeuze fezi, yaani pale wimbi linapopanda lenyewe lishuke. Cheza vyote kwa pamoja. Kama hesabu ni sawa, unasikia kimya, au mabaki madogo ya mwangwi na korasi, kwa sababu baadhi ya athari hizo zina bahati nasibu ndani yake na hazitoki sawa mara mbili. Ukisikia vokali waziwazi, kuna kitu kimezidi au kimepungua. Tulipoiondoa ile mistari iliyojirudia, kilichobaki kilikuwa mnong'ono wa mwangwi tu. Suala la Reaper kuwa na sauti yake likafa palepale.

Mtego wa pili ulikuwa wa tempo, na huu ulimchelewesha kuliko wote. Projekti mpya ya Reaper hufunguka kwenye tempo 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Wimbo wa FL ulikuwa 96. Aliingiza faili zote, akaona mistari ya ratiba hailingani na mapigo, akaandika 96 juu. Faili la dakika 4 likawa dakika 5. Sauti zilikuwa zimevutwa bila kushuka nota, kwa hiyo kwaya iliimba kama watu waliochoka sana lakini bado wako kwenye ufunguo. Sababu ni kwamba Reaper, usipoiambia vingine, hufunga vipande vya sauti kwenye mapigo: nafasi, urefu na kasi. Tempo ikibadilika, vinafuata. Dawa ni kuweka tempo kabla ya kuingiza chochote, au kwenda kwenye mipangilio ya projekti na kufunga vipande kwenye saa badala ya mapigo. Likumbuke hilo la saa na mapigo, nitalirudia.

Mtego mdogo mwingine: ukibonyeza kurekodi kabla ya kuhifadhi projekti, Reaper inaweka sauti kwenye folda ya jumla ndani ya Documents. Hifadhi kwanza, na uweke alama ya kunakili sauti zote ndani ya folda ya projekti. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba projekti ya Reaper ni maandishi ya kawaida. Diski ya nje ilipobadilika herufi kutoka D kwenda E, tuliifungua projekti kwa Notepad na kubadilisha njia za faili humo humo.

Siku ya kwaya

Kurekodi kwenyewe kulikuwa rahisi kuliko maandalizi, na sehemu moja ilirahisika kwa sababu ambayo hatukuipanga. Msanii wa Bongo Fleva akiingiza vokali na hedifoni, kuchelewa kwa sauti kupita kwenye kompyuta ni adui: unabana bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata) hadi sampuli 128, ambazo kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 2.7 kwa upande mmoja, na kompyuta inaanza kutoa mikwaruzo. Kwaya iliyosimama pamoja haisikilizi kompyuta. Wanasikiana kwa masikio, hakuna hedifoni, kinanda kinatoka kwenye spika ndogo iliyo chini kwa sauti ya chini. Kwa hiyo tukaweka bafa kubwa, sampuli 1024, na kompyuta ya zamani ikafanya kazi kwa utulivu.

Nafasi ya diski ilihesabiwa kabla. Chaneli moja ya biti 24 kwa 48 kHz inakula megabaiti 8.64 kwa dakika. Chaneli nane kwa saa nzima ni kama gigabaiti 4. Kwa jioni nzima ya kuimba na kurudia, diski iliyokuwa na nafasi ya gigabaiti 30 ilitosha na kubaki. Betri ya kompyuta ilikuwa imejaa, na kadi ya sauti tuliichomeka kwenye UPS, kwa sababu kompyuta inaweza kuokoka umeme ukikatika lakini kadi yenye waya wake wa ukutani haiokoki.

Kilichotusumbua ni Tegeta yenyewe. Jogoo wa jirani. Bodaboda iliyosimama dirishani ikisubiri mtu. Katikati ya ubeti wa pili mvua ikaanza kupiga mabati, na kila maiki ikaisikia kwa namna yake. Hapo ndipo uhariri ulipoonyesha thamani ya uhamaji wote. Ubeti uliochafuliwa na mvua ulitakiwa kutoka, na ule wa mara ya kwanza kuwekwa badala yake. Kwenye kazi ya aina hii huwezi kukata chaneli ya sauti ya pili peke yake. Maiki zote zinasikia watu wote. Mwimbaji wa soprano akiimba, maiki yake inamsikia mara moja, na zile mbili za mbele zilizo mita 2 zaidi zinamsikia kama milisekunde 6 baadaye. Uhusiano huo wa muda ndio unaoifanya kwaya isikike ikiwa chumbani. Ukikata chaneli moja na kuisogeza hata kidogo, sauti inakuwa nyembamba, kama ya simu.

Kwenye Reaper alichagua vipande vyote vinane, akabonyeza G kuvifunga kikundi, na tangu hapo S moja inakata vyote, kusogeza kimoja ni kusogeza vyote, na mpishano wa kuunganisha mahali palipokatwa unajiweka wenyewe. Mara tatu za kuimba zilikaa juu ya traki zilezile, moja chini ya nyingine, na akawa anachagua ubeti upi utoke wapi. Mwalimu wa kwaya alikaa pembeni akiamua kwa masikio, bila kujua ni programu gani inatumika, na sioni kwa nini angejali.

Biti zilikobaki

Baada ya kwaya kurekodiwa bila metronomu, palitakiwa kayamba na ngoma. Kwa mazoea ya zamani hili ni tatizo gumu, maana mwalimu anavuta na kuachia, wakati ngoma ya kompyuta haivuti. Reaper inaruhusu kuweka alama za tempo kwenye ratiba, hivyo prodyuza alifuata mkono wa mwalimu kipimo kwa kipimo: hapa 94, hapa 97, hapa mwisho wa beti 88. Kwa kuwa vipande vya kwaya vilikuwa vimefungwa kwenye saa, si kwenye mapigo, alama hizo hazikugusa sauti ya mtu hata moja. Mistari ya ratiba ilijipinda kuifuata kwaya. Mpangilio uleule uliomharibia wimbo wiki za mwanzo ndio uliomfungulia njia hapa.

Na ngoma zenyewe akazipiga FL. Wengi hawajui kwamba FL Studio kwenye Windows hujisakinisha pia kama plagini ya VST. Unaifungua ndani ya traki ya Reaper, nayo inakuja na piano roll yake (dirisha la kuchorea nota), mstari wa hatua, kila kitu, na inafuata tempo ya mwenyeji, yaani Reaper. Kayamba iliyopangwa kwa sampuli za pigo moja moja ikavuta pale mwalimu alipovuta. Kuna toleo la plagini hiyo lenye matokeo mengi, kwa anayetaka kiki na kayamba zitoke kwenye traki tofauti.

Hapo niliacha kumwambia ajifunze kihariri cha MIDI cha Reaper. Nimekitumia, kinafanya kazi, lakini mtu aliyezoea piano roll ya FL, pamoja na zile nota za kivuli za chaneli nyingine zinazoonekana nyuma, atakiona kizito, na sioni faida ya kumlazimisha. Reaper haiji na ala za maana pia. ReaSynth na ReaSamplOmatic5000 ni vya kufanyia jaribio au kuchezea sampuli moja moja. Anayeuza FL yake ili abaki na Reaper kwa kazi ya biti anapoteza, kwa maoni yangu, na nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu tu video fulani iliwaambia Reaper ni ya wakubwa.

Kwa hiyo hali ilivyo sasa ni ya nusu kwa nusu, na inafuata aina ya kazi. Msanii akija na wazo la biti, kazi inaanzia FL na kuishia FL, vokali zake zikiwemo, kama zamani. Watu wakija na ala na sauti zao kutaka kurekodiwa kwa pamoja, Reaper inafunguliwa kwanza, na FL ikihitajika inaingia kama mgeni ndani yake. Wateja wa zamani nao hurudi, huyu anataka ala tupu, yule anataka kubadilisha ubeti mmoja, na projekti zao zinafunguka FL bila maswali kwa sababu hatukuzigusa. Kazi yoyote ikimalizika, ya huku au ya kule, anatoa WAV za kila traki zikianzia sekunde ya sifuri, anaandika tempo kwenye jina la folda, na kuziweka kwenye diski mbili.

Leseni ya Reaper ameilipia akiwa kwenye toleo la 7, na sheria yao ni kwamba itamfikisha hadi 8.99. Anachokifikiria kwa sasa ni chaneli. Mwalimu anataka albamu ijayo ngoma zipigwe sebuleni pamoja na kwaya, na nane hazitoshi. UMC1820 ina tundu la ADAT, kwa hiyo kikuza sauti kingine cha maiki nane kinaweza kuunganishwa kwa waya mmoja wa mwanga na zikawa 16. Stendi za maiki anazo sita, na jirani mwenye jogoo bado hajaombwa.